Mama Yvette kwenye njiapanda ya majivu

Ni saa mbili asubuhi, na katika uwanja wa mashini ya mchele akina mama wamegeuka magari.

Mmoja ana beseni la bluu kichwani. Huyo ni teksi. Wawili wameshikana viuno, wa nyuma anayumbayumba kama tela. Mwingine anasukuma toroli la pumba na kulia pii pii kwa mdomo. Chini kuna barabara mbili zilizochorwa kwa majivu ya jikoni. Zinakatana katikati ya uwanja, na kuku wanazivuka bila kumuuliza mtu.

Yvette Salima, mama wa miaka arobaini na sita, anasimama mwanzoni mwa barabara moja. Ameshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili. Huo ndio usukani wake. Vumbi la pumba limemfika hadi kwenye nyusi, maana kazi yake hasa ni hapa hapa: kuilisha mashini mpunga, kupepeta, kushona midomo ya magunia. Sasa mashini imezimwa kidogo ili asome.

“Demare!” anapaza sauti mzee Godefroid, mwalimu wake. Amekaa juu ya gunia, mguu wake wa kushoto ameunyoosha mbele kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie.

Yvette anaondoka, mdomo ukinguruma. Nyuma yake inamfuata teksi ya beseni. Kushoto kwake, kwenye barabara nyingine, anakuja Fifi, mwanamke mwembamba, gunia la mchele kichwani na mishipa ya shingo imesimama.

Sharia ya barabara hapa Kongo ni nyepesi kuisema. Mkikutana njiapanda isiyo na bango, aliye kuume ndiye anayepita kwanza. Yvette yuko kuume kwa Fifi. Basi Yvette apite, Fifi angoje.

Yvette anasimama.

Fifi naye anasimama, kwa sababu sharia anaijua. Wanatazamana.

“Pita, mama. Uko na muzigo,” anasema Yvette.

“Pita wewe! Mi niko kushoto!”

“Shingo yako itavunjika.”

“Itavunjika juu yako! Pita, nakuambia!”

Teksi, ambayo haikutegemea mtu asimame pale, inamgonga Yvette mgongoni. Beseni linaanguka, linazunguka kwa kishindo, kuku wanatawanyika. Godefroid anajishika kichwa kwa mikono miwili.

“Mama Yvette, tumeshakufa,” anasema polepole. “Sisi wote. Na kuku.”

Wenzake wanacheka mpaka wanajipangusa machozi kwa ncha za vitenge. Yvette anacheka nao, lakini kicheko chake kinaisha mapema. Leo ni Jumanne. Alhamisi ana mtihani wa permi, yaani leseni, ya kujifunza udereva, na ni mara yake ya pili. Akianguka tena, funguo za pikapu atapewa mtu mwingine.

Pikapu yenyewe imeegeshwa pale pale, chini ya paa la mashini. Ni Toyota nyeupe, ya zamani, iliyoachwa na mradi mmoja ulipofunga kazi zake Kindu. Mlango wake bado una mkwaruzo mahali ambapo jina la mradi lilifutwa. Chama cha akina mama wanaolima mpunga kando ya njia ya Lokandu kiliipata kwa kuomba na kuomba tena, na siku ilipoingia uwanjani walimwaga mchele kwenye boneti.

Furaha ile haikudumu. Dereva waliyemkodi alibeba kwanza mizigo ya watu wengine, na ya akina mama akaikumbuka ikibaki nafasi. Msimu uliopita magunia ya Fifi yalilala mvuani kando ya njia, kwa kuwa dereva alikuwa amepeleka watu kwenye arusi. Mpunga ukachipua ndani ya gunia. Fifi aliporudi nao nyumbani hakulia. Aliwapa bata.

Baada ya hapo wakakaa kikao. Wakasema dereva atoke kati yao wenyewe. Mwenyekiti wao, Mama Clémentine, akauliza nani. Mkono mmoja ukainuka nyuma, na wengi walidhani Yvette anafukuza nzi.

“Hii njia, miguu yangu inaijua yote,” anaeleza sasa, akiokota mfuniko wake. “Kila shimo, kila jiwe. Nikasema basi, miguu nayo ipumuzike. Niijue njia nikiwa nimekaa.”

Mama Clémentine alikubali, lakini aliweka mpaka. Mavuno yanakaribia, na mpunga hautangoja mtu asome. Yvette angejaribu mtihani mara mbili. Ikishindikana, gari litaendeshwa na Arsène, kijana wa mtaa wa pili mwenye permi yake tayari. Arsène si mtu mbaya. Ila akina mama wameshamsikia akiuliza kama njiani ataruhusiwa kubeba watu wake wawili watatu.

Kuna mwingine anayengoja Alhamisi kwa wasiwasi, naye ni Godefroid. Ameendesha makamio, yaani malori, maisha yake yote na permi yake bado ni nzima, lakini tangu alipougua mwaka juzi mguu wa kushoto haukanyagi tena. Mwenye permi ya kujifunza haruhusiwi kuendesha peke yake. Lazima dereva wa kweli akae pembeni yake. Chama kimemwahidi Godefroid kiti hicho.

“Macho yangu inaona,” anasema mzee huyo. “Mudomo, unausikia mwenyewe. Ni muguu tu njo imekatala. Mama Yvette iko na miguu miwili mizuri. Sisi wawili tukikaa ndani ya ile motokari, tunakuwa shofere moja muzima.”

“Moja na nusu,” anasema Fifi. “Mudomo yako peke yake ni nusu.”

Mara ya kwanza Yvette alianguka mwezi uliopita. Hakuangukia mabango. Mabango alijifunza kwa kuyachora ukutani na kipande cha kaa la moto lililozimika, na binti yake Naomie, ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo, alimuuliza kila asubuhi wakati wa kuosha vyombo. Kusimama, kupunguza mwendo, shule iko mbele, hakuna kupita: yote aliyataja bila kukwama.

Aliangukia njiapanda.

Mkaguzi, kijana mpole wa shati lililopigwa pasi, alikuwa na vigari vya mbao mezani. Aliweka kigari cha kijani upande wa kuume. Upande wa kushoto akaweka kikamio, na ili kipendeze alikuwa amekipakia njiti za kibiriti, zimefungwa kwa uzi, zimejaa hadi juu.

“Mama, nani anapita kwanza?”

“Ile ya muzigo.”

Mkaguzi akadhani hakusikiwa. Akauliza tena, taratibu zaidi.

“Ile ya muzigo, papa.”

“Juu ya nini?” mkaguzi akataka kujua sababu.

“Ikisimama, nani ataisukuma tena?”

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mkaguzi hakucheka sana. Alihamisha vigari, akageuza barabara, akaongeza pikipiki. Kila mara kidole cha Yvette kilikwenda kwenye njiti za kibiriti. Wiki nzima iliyofuata Fifi alimwita kwa jina jipya: Mama Kibiriti.

Ili kuelewa kidole hicho kilijifunza wapi, ni lazima kurudi nyuma, kwenye miaka ya vita.

Mwaka wa 1999 Yvette alikuwa na miaka ishirini na ameolewa karibuni na Mbaraka, kijana wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Treni ilikuwa haiji tena. Magari yaliyobaki mjini yalikaa bila mafuta, majani yakaota kwenye viti, kuku wakatagia ndani. Kindu ukawa mji wa miguu. Kitu chochote kilichosogea kilisogea kichwani, mgongoni, au juu ya kinga, kama watu wa hapa wanavyoiita baiskeli.

Kinga ya wakati ule haikupandwa. Ilisukumwa. Watu waliing'oa pedali ili zisiwatafune miguu, wakaifunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, na mtu akatembea upande wa kushoto akiishika kwa fimbo hizo kama anayemwongoza ng'ombe mkaidi. Yvette na Mbaraka walikuwa na moja moja. Waliondoka Alunguli na madumu ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, zaidi ya kilo mia kwa kila kinga, wakaenda mpaka Kama kwenye machimbo ya dhahabu. Walirudi na chumvi na sabuni, na mara nyingine walirudi watupu, kwa sababu wenye bunduki walikuwa wamekutana nao njiani.

Njia ilikuwa nyembamba kama mkeka. Majani huku, majani huku. Na ilikuwa na sharia yake, ambayo hakuna aliyeiandika.

“Kinga yenye muzigo ikisimama katikati ya mulima, imekufa,” anasema Yvette, na mikono yake inashika fimbo zisizokuwapo. “Hauna nguvu ya kuiamsha. Kwa hiyo, ukiwa mutupu, ukisikia kengele, unaingia mu majani. Hauulizi. Ata kama iko miba, ata kama iko siafu. Unalalisha kinga yako, unakuja unamusukuma mwenzako mpaka juu. Kisha unarudi kwa yako.”

“Naye anakushukuru?” anauliza mmoja wa wenzake.

“Atakushukuru na pumzi ya nani? Akifika juu anapiga kengele. Wewe unasikia. Imetosha.”

Kengele zenyewe zilikuwa kopo la maziwa na kijiko ndani. Mbaraka ndiye aliyewafungia wengi kwenye kinga zao. Mpaka leo anatengeneza baiskeli karibu na kivuko, na watu wa umri wake wakimwona bado wanaita, “Ngrin!”

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua kubwa, Yvette alikuwa na mimba ya kwanza. Walikuwa wamejificha kwenye shamba la mjomba wake Mbaraka, upande wa Kalima, mwendo wa siku nzima kutoka mtoni. Uchungu ukaanza. Mkunga wa kijiji akampapasa tumbo, akasema mtoto amelala vibaya na hapa hatatoka. Apelekwe hospitali.

Hospitali ilikuwa mjini, upande wa risasi.

Siku hiyo tangu alfajiri watu walikuwa wakikimbia kutoka mjini, wakija walikotoka Yvette na mumewe. Mbaraka alifunga ubao juu ya karia ya kinga, akatandika kitenge, akamlaza mkewe, akamfunga kiunoni kwa mpira wa gurudumu asianguke. Akaanza kusukuma kuelekea kule ambako wote walikuwa wanakutoroka.

“Wote walikuwa na muzigo,” anasema Yvette. Sasa mfuniko wa sufuria umelala magotini pake na hacheki tena. “Godoro, mutoto, mbuzi, bibi muzee mugongoni. Hakuna mutupu hata moja. Na wote walitupisha. Waliingia mu majani na magodoro yao. Mama mumoja alishuka mu maji mpaka hapa.” Anagusa kifua. “Mu milima waliweka vitu chini, wakamusaidia Mbaraka. Mi nilikuwa nimelala, sikuona uso wa mutu. Niliona mikono tu. Mikono, mikono, ikishika ubao.”

Naomie alizaliwa jioni ile, katika chumba ambacho madirisha yake yalikuwa yamezibwa na magodoro. Alitoka miguu kwanza. Mbaraka alisema ni kwa sababu alitaka kusukuma naye.

“Njo hivi,” anamaliza mama huyo. “Sasa munataka nimupitie Fifi na gunia lake, juu mimi niko kuume? Mukono wangu unakatala. Kichwa inakubali, mukono unakatala.”

Godefroid anakuna goti la mguu wake mgonjwa. Kisha anasema, bila kelele, “Turudie.”

Wanarudia. Yvette anasimama tena. Wanarudia. Anapunguza mwendo, anapita hatua moja, anatazama shingo ya Fifi, anasimama katikati ya njiapanda, ambapo ni pabaya zaidi. Fifi anatua gunia chini na kulikalia.

“Mi nimechoka kuwa kamio,” anasema. “Kesho nitakuwa bango.”

Godefroid hapigi kelele tena, na hilo linamtisha Yvette kuliko kelele.

Wakati wote huo Mbaraka alikuwa pale. Alikuja na pampu yake kujaza gurudumu la mbele la pikapu, na watu walimsahau, kwa vile ni mtu wa maneno machache. Sasa anainuka, anajifuta mikono kwenye suruali.

“Mama Naomie.”

“Ndiyo, papa.”

“Ile siku, ulizani walitupisha juu ya huruma?”

“Sasa juu ya nini?”

“Juu ya kengele.”

Yvette anamtazama.

“Wa kwanza kabisa alikuwa amesimama, ametupa mugongo,” Mbaraka anasema. “Alikuwa anafunga godoro yake. Hakukuona. Hakujua kama nimebeba bibi ao nimebeba mihogo. Alisikia kengele, akaruka. Wa pili akaruka, wa tatu akaruka. Huruma ilikuja nyuma, mu milima, walipokuona. Lakini kuruka, waliruka juu kila muntu alijua ile sharia.”

Anageuza pampu mikononi.

“Wangelisimama kwanza kutupima, nani iko na muzigo mukubwa, ni wewe ao ni yule mama wa mbuzi, njia ingefungana pale. Tungesukumana mpaka giza. Naomie hangelikuwa.”

Mbaraka anainama kwenye gurudumu lake, na maneno yake ya mwisho anayasema kama anaongea na mpira.

“Kule porini kulikuwa kengele. Huku mu mji, kuume njo kengele.”

Yvette anaokota jani lililoanguka kwenye barabara ya majivu, analitupa pembeni. Kisha anashika mfuniko.

“Fifi, beba.”

“Tena?”

“Beba, dada.”

Fifi anabeba huku akitaja mababu wa Yvette mmoja mmoja. Godefroid anasema demare. Yvette ananguruma, anafika njiapanda, gunia linakuja kutoka kushoto, na yeye anapita. Anapita moja kwa moja, na jicho la kushoto amelifumba.

Kelele inayozuka inasikika mpaka barabarani. Godefroid anapiga gongo lake chini. “Alhamisi, macho yote mawili!” anafoka, lakini meno yote yako nje.

Yvette hasikii. Ameweka usukani wake chini na anarudi mbio kwenye njiapanda, anamtua Fifi gunia, analishusha taratibu mpaka chini.

“Na hii iko mu sharia?” anauliza Fifi, akijisugua utosi.

“Sharia haikusema nisirudi.”

Alhamisi ilikuja na manyunyu. Kwenye benchi la mtihani walikuwa vijana watupu, wengi wao waendesha pikipiki wa mjini, na mama mmoja aliyevaa kitenge chake cha Pasaka. Godefroid hakuruhusiwa kuingia. Alisimama dirishani, pua yake imegusa wavu.

Mkaguzi alikuwa yule yule, meza ile ile. Mabango yalipita vizuri. Kisha mkono wake ukaingia kwenye sanduku ukatoa kigari cha kijani, ukakiweka kuume. Ukaingia tena, ukatoa kikamio cha njiti.

Yvette alishika ncha ya kitenge. Alikitazama kikamio. Njiti zilikuwa zimeongezwa, au aliona hivyo.

“Mama?” alisema mkaguzi. Inaonekana hakuwa amemsahau.

Midomo ya Yvette ilitikisika. Waliokaa karibu wanasema walisikia sauti ndogo, ngrin.

“Ile ya kuume.”

Mkaguzi akahamisha vigari. Ile ya kuume. Akaongeza pikipiki. Ile ya kuume, papa. Dirishani Godefroid alianza kupumua.

Lilibaki swali moja. Mkaguzi aliinua upande mmoja wa kitabu, akaweka kibiriti chini yake. Ukawa mlima. Akaweka kigari kimoja kinapanda na kingine kinashuka.

“Njia ni nyembamba, hawatoshi wote wawili. Nani anangoja?”

Hapa Yvette alichanganyikiwa. Siku mbili nzima alikuwa amekifundisha kichwa chake kutazama kuume, na mlimani hapa kuume hakumwambii kitu. Aliinama akachungulia vigari kwa karibu.

“Samahani, papa. Nani iko na muzigo?”

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Godefroid alifunika uso kwa kofia.

“Wote wawili, mama,” alisema mkaguzi, naye safari hii akitabasamu. “Uzito ni uleule.”

Yvette alikitazama kigari kinachopanda. Waliomwona wanasema mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua kitu.

“Anayeshuka njo anangoja,” alisema. “Anayepanda akisimama, amekufa.”

“Ni hivyo,” alisema mkaguzi, akaandika.

Fifi alikuwa nje, chini ya mwavuli uliovunjika mbavu. Vigelegele alivyopiga viliwasimamisha waendesha pikipiki wawili, na mmoja akauliza ni arusi ya nani. “Ya Mama Kibiriti!” alijibiwa.

Jumatatu iliyofuata, baada ya siku tatu za mazoezi ya usukani wa kweli, pikapu inatoka uwanjani kwa safari yake ya kwanza na dereva wake mpya. Inakwenda kuchukua mpunga wa kwanza njia ya Lokandu. Yvette ameketi juu ya mto ili aone mbele vizuri. Godefroid yuko pembeni, mkono mmoja kwenye dirisha na mwingine karibu na breki ya mkono, tayari. Nyuma wamekaa Fifi na magunia matupu.

Pale mji unapoanza kuisha kuna njiapanda isiyo na bango, na baada yake mlima mfupi wa udongo mwekundu. Kutoka kushoto anakuja mwanamume anasukuma kinga. Ina magunia matatu ya makala, yaani mkaa, yamepita kichwa chake. Uso wake hauonekani. Kinachoonekana ni mikono miwili kwenye fimbo.

Fifi amesimama, ameshika chuma cha nyuma ya kabini.

Yvette anapunguza. Anatazama kuume: hakuna mtu. Msukumaji wa makala, ambaye anajua sharia ya mjini, amekwisha kusimama. Mdomo wa dereva unafanya ngrin. Pikapu inapita, macho yote mawili yakiwa wazi.

Godefroid anaegemea kiti. “Muzuri,” anasema. “Muzuri sana, mama. Sasa gia ya pili. Panda.”

Lakini Yvette anawasha taa ya kuonyesha anaenda pembeni. Anaegesha vizuri mahali ambapo njia ni pana, anavuta breki ya mkono, anazima, anafungua mlango.

“Unaenda wapi?”

“Nakuja, papa. Kaa.”

Anarudi kwa miguu mpaka njiapanda, kitenge amekifunga juu ya magoti. Anakwenda nyuma ya magunia ya makala, anaweka mikono. Msukumaji anageuza shingo kuangalia nani ameongezeka, haoni mtu, anahisi tu kinga imekuwa nyepesi. Fifi naye anaruka chini, akilalamika kwamba alikuja kubebwa, si kusukuma. Wanaupanda mlima watatu, polepole, na hawasimami.

Juu, msukumaji hana pumzi ya kusema. Anagonga kengele yake kwa kidole, mara moja. Ni kengele ya dukani, ya chuma, inayong'aa.

“Hivi tutafika Lokandu na Noeli!” anapiga kelele Godefroid kutoka dirishani.

Yvette anafuta masizi mikononi kwa majani, anapanda, anawasha.

Mwakani anataka kufanya mtihani mkubwa, apate permi ya kudumu. Godefroid amesema atamfundisha mpaka hapo, na baada ya hapo ataendelea kukaa pembeni, kwa kuwa amekizoea kiti. Chama kinafikiria kuwasomesha akina mama wengine wawili. Fifi amesema yeye ataendelea kuwa kamio.

Lakini Yvette ana safari nyingine, isiyo ya chama, ambayo ameipanga peke yake. Siku atakapopata permi kubwa ataomba pikapu kwa siku chache, mafuta atayanunua mwenyewe. Atavuka Lualaba kwa kivuko, ashukie Alunguli, apande ile njia yote, Kalima, Pangi, mpaka Kama. Hatabeba mafuta ya ngazi wala chumvi.

Jioni moja amemwambia Mbaraka mpango huo, mumewe akiwa amechuchumaa kwenye kibanda chake karibu na kivuko, anaziba mpira ndani ya beseni la maji.

“Na mimi, nitafanya nini mu ile motokari?” anauliza Mbaraka.

“Utakaa.”

“Kukaa tu?”

“Kukaa tu. Kuume kwangu.”

Mbaraka anaukandamiza mpira majini, anatafuta mahali viputo vinapotokea. Anauliza kama ile milima bado iko mirefu kama zamani.

“Iko ileile,” anamjibu mkewe. “Lakini ile siku, papa, utaipanda umekaa.”